Mturuki, Mkorea, Mhindi au Mbongo: tamthilia ipi haitakuangusha mwishoni?

Nyumba nyingi hapa Moshi zina king'amuzi kimoja na rimoti moja, na ikifika saa mbili usiku lazima mmoja ashinde. Bibi anataka ya Kituruki iliyoingizwa Kiswahili, mabinti wanataka Mkorea, baba anasubiri taarifa ya habari iishe ahamie kwenye mpira. Kuchagua tamthilia si jambo dogo, maana ukishaianza umeifunga sebule nzima kwa miezi. Ndiyo maana inauma ukifika mwisho ukakuta umepigwa chai. Steringi aliyezikwa sehemu ya 40 anabisha hodi sehemu ya 90. Mama aliyekuwa mjanja kuliko wote anakunywa sumu ambayo hata mtoto angeishtukia. Daktari anasema majibu ya vinasaba yalibadilishwa, watu wanaoana harakaharaka, majina yanapanda kwenye kioo, basi.

Kuna watakaokwambia, "Ni maigizo tu, unakasirika nini?" Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu aliyetoa saa moja ya kila usiku kwa miezi minane, akalia na wahusika, akawatetea kwa majirani, ana haki ya kudai mwisho wenye akili kama anavyodai chenji yake dukani. Kwa hiyo huu ni ulinganisho kwa anayetaka kuanza tamthilia mpya na hataki kuishia kwenye hasira hiyo. Nitataja miisho ya tamthilia kadhaa zilizokwisha zamani. Kama kuna unayoitazama sasa, iruke aya yake.

Nani anaamua hadithi iishe lini?

Wengi huchagua kwa sura ya steringi. Mimi naanza na swali jingine: siku ya kwanza ya kupiga picha, mwandishi alijua hadithi inaishia wapi? Pengine alijua, kwa sababu idadi ya sehemu imeandikwa kwenye mkataba. Pengine hakujua, kwa sababu anayeamua ni takwimu za watazamaji za kila wiki. Na pengine alijua, halafu pesa zikaja, akaambiwa aongeze. Nikiangalia miisho iliyotuudhi miaka yote hii, mingi imetoka kwenye hali hizo mbili za mwisho.

Uongo wenyewe si kosa. Hadithi zetu zina sungura anayemlaghai fisi kwa maneno matupu na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika. Kinachoudhi ni hadithi kuvunja masharti iliyojiwekea yenyewe. Ukinionyesha sehemu ya kwanza kwamba binti huyu huota mambo kabla hayajatokea, nimekubali, tuendelee. Ukimpa ndoto hizo sehemu ya 70 kwa sababu umekwama, hapana. Bahati nayo ni hivyohivyo. Ajali inayowakutanisha wapenzi mwanzoni haina tatizo, mambo mengi duniani huanza kwa bahati. Lakini ajali inayomuua adui dakika kumi kabla ya mwisho, wakati steringi ameshindwa kumtega kwa akili yake kwa sehemu mia moja, ni mwandishi kukimbia kazi yake.

Kuna kosa jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: ukimya wa kulazimishwa. Mtu ana sentensi moja ya kusema, "Yule si mtoto wangu, ni wa dada yangu," na akiisema hadithi yote imekwisha. Basi kila akifungua mdomo simu inaita, mlango unagongwa, au mwenzake anamwambia, "Usiseme kitu, najua yote," na kuondoka akilia. Mara moja navumilia. Likishakuwa ndilo nguzo ya miezi mitatu, hapo hakuna hadithi tena.

Wa Kituruki

Hawa ndio wametuteka zaidi, na ndio wanaohitaji kueleweka zaidi.

Kwao Uturuki, sehemu moja ya tamthilia ya usiku huwa na urefu wa saa mbili na kupita, na hutoka mara moja kwa wiki. Yaani waandishi wanapaswa kukamilisha urefu wa filamu nzima kila wiki, huku wakirekodi. Takwimu za watazamaji hutoka kesho yake. Zikiwa mbaya, tamthilia inaweza kufungwa baada ya wiki chache tu, na mwandishi anapewa muda mdogo wa kufunga mafundo yote. Zikiwa nzuri, inavutwa. Zikija huku nje, sehemu hizo ndefu hukatwa vipande vya dakika arobaini na kitu, kipande kimoja kwa usiku.

Ukilijua hilo, mambo mengi yanayokera yanajieleza. Ule mtazamano wa dakika mbili nzima, kinanda kinalia, kamera inaenda kwa mwanaume, inarudi kwa mwanamke, inarudi tena kwa mwanaume, mkono unatetemeka juu ya kitasa cha mlango: ni saa mbili zinazotafuta kujaa. Kutekwa nyara kila baada ya wiki chache ni hitaji la tukio jipya la kuzuia watu wasibadili stesheni. Na kile tunacholalamikia, kwamba usiku mwingine inaisha katikati ya sentensi bila mvuto wowote, kinatokana na kisu cha waliokata vipande kwa ajili ya nje. Mwandishi hakuimalizia pale.

Sasa, katika Waturuki kuna makundi mawili ambayo mara nyingi hayaangushi mwishoni: yanayofuata historia na yanayofuata kitabu kilichokwisha andikwa.

Mfano wa kwanza kila mtu anaujua. Ile tuliyoipata kwa jina la Sultan, Azam wakaiingiza Kiswahili, kwao iliitwa Muhteşem Yüzyıl. Ilirushwa kuanzia 2011 hadi 2014, sehemu 139. Ilipata pigo ambalo lingeiua tamthilia nyingine: Meryem Uzerli, aliyeigiza Hürrem, mke wa Sultan Suleiman, na uso wa tamthilia yote, aliondoka 2013, msimu wa mwisho akaingia Vahide Perçin. Sura imebadilika, sauti imebadilika, na bado hadithi ilisimama. Kwa nini? Kwa sababu mwandishi hakuwa na ruhusa ya kubahatisha. Mwanamfalme Mustafa aliuawa 1553 kwa amri ya baba yake Suleiman, Hürrem akafa 1558, Suleiman mwenyewe akafia vitani Szigetvár, Hungaria, mwaka 1566. Hakuna takwimu za watazamaji zinazoweza kumfufua Mustafa. Sehemu ya kuuawa kwake iliporushwa Uturuki mwaka 2014, watu walimiminika kwenye kaburi lake mjini Bursa kumwombea. Huko ni kuumia, lakini si kule kuumia kwa mtu aliyedanganywa. Huku kwetu pia, saluni nilikosuka wakati ule ilinyamaza usiku ule, msusi akaacha nywele mkononi, na katika kelele zote zilizofuata za kumlaani waziri Rüstem Pasha na Hürrem sikusikia hata mmoja akisema hadithi imekosewa.

Mfano wa kitabu ni Aşk-ı Memnu, ya 2008 hadi 2010, iliyotokana na riwaya ya Halit Ziya Uşaklıgil ya mwaka 1900. Waliihamishia kwenye Istanbul ya leo, simu na magari, lakini kifo cha Bihter, steringi wa kike, kilikuwa kimeandikwa zaidi ya miaka mia moja nyuma, na kila tukio linaelekea huko.

Zilizobuniwa kutoka mwanzo ni za kubahatisha. Kara Sevda, 2015 hadi 2017, sehemu 74, ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2017, na steringi Kemal anakufa mwishoni kwa mlipuko pamoja na adui yake Emir. Wengi waliichukia. Mimi naitetea: tangu mwanzo Kemal ni mtu wa kujitoa, kwa ndugu zake, kwa wenzake wa mgodini, kwa mpenzi wake Nihan, na mwisho ule umetoka kwenye tabia yake. Malalamiko yangu kwake ni ya katikati, pale siri zilipozungushwa mpaka zikapoteza ladha.

Kwa matumizi ya nyumbani Mturuki ana faida ambazo wengine hawana. Kiswahili kimeingizwa, kwa hiyo bibi asiyesoma maandishi ya chini anafuatilia, na anayekaanga vitunguu jikoni anafuatilia kwa masikio. Umeme ukikatika siku mbili hujapoteza kitu, kwa sababu ya hao hao wanaotazamana.

Wa Kikorea

Kwa anayechukia mwisho wa hovyo, hapa ndipo pa kuanzia, ila kwa macho.

Muundo uliozoeleka wa tamthilia ya usiku ya Kikorea ni sehemu 16, kila moja kama saa moja, mbili kwa wiki. Miezi miwili imekwisha. Mara nyingi mwandishi ni mmoja mwanzo hadi mwisho, na Wakorea humfuata mwandishi kama sisi tunavyomfuata mwigizaji. Kwa sababu idadi inajulikana, kitu kinachoonekana sehemu ya pili hurudi kufanya kazi sehemu ya 14: pete, kovu, wimbo uliopigwa dukani. Unajiona una akili kwa kukumbuka. Raha hiyo Mturuki wa kubuniwa hakupi, maana alipoiweka pete ile hakujua ataitumia wapi.

Lakini Mkorea ana ugonjwa wake, na uko kwenye sehemu mbili za mwisho. Wapenzi wamevuka kila kitu, adui yuko jela, zimebaki saa mbili za kujaza. Basi mmoja anaondoka kwenda ng'ambo bila sababu ya maana, kioo kinaandika "mwaka mmoja baadaye", wanakutana barabarani wakiwa na makoti mapya. Kilichowatenganisha hakijulikani na kilichowarudisha hakijulikani.

Na wakikosea, hukosea kwa kishindo. Lovers in Paris ya 2004, sehemu 20, ilipendwa kupita kiasi Korea, kisha sehemu ya mwisho ikafichua kwamba yote tuliyoyaona ni mswada ulioandikwa na yule binti. Watazamaji walikasirika, na walikuwa sahihi. Ukiniambia nililolia halikutokea hata ndani ya hadithi yenyewe, umenipokonya kila kitu kwa mara moja. Wamarekani walishafanya hivyo 1986 kwenye Dallas, Bobby aliyekufa alipokutwa akioga na msimu mzima ukageuzwa ndoto ya mpenzi wake Pam. Miaka karibu arobaini baadaye watu bado wanaitaja wakitaka mfano wa kuwadharau watazamaji.

Mwandishi wa Lovers in Paris, Kim Eun-sook, ndiye huyohuyo aliyekuja kuandika The Glory, iliyotoka mwishoni mwa 2022 na Machi 2023, sehemu 16 za kisasi. Ningemshauri yeyote aitazame kama somo la kufunga hadithi. Kila mtesaji anaangushwa na tamaa yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na mwanamke anayelipiza kisasi anachofanya ni kuisogeza tamaa hiyo karibu na ukingo. Hakuna lori linalotokea gizani kumsaidia.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, si kila Mkorea ni mfupi. Jumong, ile ya mwanzilishi wa ufalme, ilipangwa sehemu 60 ikapendwa ikapelekwa 81, na anayeitazama kwa makini anaona mahali ilipovutwa. Kuna pia zile za kila siku za kifamilia, sehemu mia na kuendelea, watoto waliobadilishwa hospitalini na mama mkwe asiyekufa. Hizo zipime kama unavyompima Mhindi, nakuja kwake. Ya pili ni ya kwetu hapa. Wengi wanawapata Wakorea kwenye flashi, zikiwa na mtafsiri anayesimulia juu ya sauti ya asili. Baadhi yao wana kipaji kikubwa, lakini wapo wanaoongeza utani, wanaoruka mazungumzo marefu, wanaompa mhusika sababu ambayo hakuisema. Nimeona watu wakiitukana hadithi kwa tundu lililotobolewa na mtafsiri. Kama unajua Kiingereza, kabla hujahukumu itazame sehemu hiyo na maandishi ya chini.

Ubaya wake nyumbani: ukikosa sehemu moja kati ya 16, umekosa mengi. Na bila Kiswahili, bibi anaenda kulala.

Wa Kihindi

Kwa kifupi: usimchukue Mhindi wa kila siku kwa ajili ya mwisho, kwa sababu hakutengenezwa awe nao.

Hurushwa siku tano hadi saba kwa wiki, takwimu zikisomwa kila wiki, na maadamu watu wanatazama hakuna wa kuifunga. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilikwenda kuanzia 2000 hadi 2008, sehemu 1,833. Mihir, mume wa steringi, alipouawa humo watazamaji walikuja juu hadi akarudishwa hai. Sasural Simar Ka, 2011 hadi 2018, ilipita sehemu 2,000. Ilianza na binti anayetaka kucheza ngoma na familia isiyomruhusu, jambo ambalo mzazi yeyote wa Uru au Machame anaweza kulijadili na binti yake, na mwaka 2016 binti huyohuyo akageuzwa nzi. Nzi kabisa, akiruka sebuleni kwa mama mkwe. Hakuna aliyeahidiwa uchawi alipoanza kuitazama.

Wakikwama kabisa huruka miaka. Kumkum Bhagya, iliyoanza 2014 na ambayo wengi waliipata kupitia Zee World, imehama kutoka kwa wapenzi wa mwanzo kwenda kwa watoto wao na zaidi. Na hapa ndipo ushauri wangu: ukiona "miaka ishirini baadaye", hapo ndipo mwisho wako. Kwa kawaida, kabla ya kuruka huwa wamefunga jambo kubwa moja, na ukizima hapo umeondoka na hadithi nzima. Wanaopenda sauti ndani ya nyumba wakati wa kupiga pasi, waendelee, sina ugomvi nao.

Wameksiko na ndugu zao wa Amerika ya Kusini nawapita haraka. Wao huanza wakijua wataisha, sehemu mia na ushee, na mwisho ni harusi kanisani na adui jela, wodini au kaburini. Hautakushangaza, ila hautakuacha hewani.

Wamarekani na wenzao wa mtandaoni

Hapa tatizo ni msimu. Kila mwaka wanangoja kuambiwa kama watarudi, kwa hiyo kila msimu unafungwa nusunusu.

Vijana wa vijiweni wote wanaijua Prison Break. Msimu wa kwanza, wa 2005, ni mpango mmoja wa kutoroka jela uliochorwa mwilini mwa steringi Michael, na kila mchoro unatumika. Halafu kichwa cha mpenzi wake Sara kikaletwa ndani ya sanduku msimu wa tatu, na msimu wa nne Sara akawa hai. Michael naye akazikwa 2009 na kurudi 2017. Mtu akishafufuka mara moja, hakuna msiba wowote baada ya hapo utakaokutoa chozi, na hilo ndilo wanaorudisha wafu hawalihesabu.

Game of Thrones ni somo tofauti: ilianza 2011 ikiegemea vitabu ambavyo mwandishi wake hajavimaliza mpaka leo. Walipovipita vitabu, walibaki na ramani ya jumla. Misimu ya mwanzo ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja, miwili ya mwisho saba na sita. Watu waliokuwa wakisafiri msimu mzima kufika kusini wakaanza kufika ndani ya sehemu moja, na malkia Daenerys akageuka kuwa mchoma mji kwa mwendo ambao wengi hawakuuamini. Zaidi ya watu milioni walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa nane wa 2019 urudiwe. Kwa maoni yangu, wazo la kumgeuza halikuwa baya. Kilichokosekana ni sehemu za kumfikisha pale.

La Casa de Papel ya Uhispania na Squid Game ya Korea zina kisa kimoja: zote mbili zilikamilika mwanzoni, kisha zikarudishwa na umaarufu. Ya kwanza inaisha vizuri baada ya wizi wa kiwanda cha fedha. Ya pili inaisha vizuri kwa zile sehemu tisa za 2021. Anayetaka kulala kwa amani aishie hapo.

Wa kwetu

Nimewaweka wa kwetu mwisho kwa sababu nawataka zaidi. Tangu enzi za kundi la maigizo la Kaole kwenye ITV, walikotokea kina Kanumba na Ray, hadi hizi za sasa zinazojaza Maisha Magic Bongo na Azam, hakuna Mturuki anayeweza kunionyesha mama wa Pasua, hapa Moshi, anavyomwamkia wifi yake asiyempenda. Na ndiyo maana uongo wa kwetu unauma kuliko wa wengine. Sijui mahakama ya Istanbul inavyofanya kazi. Ya hapa naijua.

Chukua mirathi, ambayo ni nusu ya tamthilia zetu. Baba anakufa, mjomba anaingia na karatasi, jioni hiyohiyo mjane na watoto wako barabarani na mabegi. Mtazamaji wa Kilimanjaro anashika kichwa. Hapa ukoo unakaa kikao, muhtasari unaandikwa, anapendekezwa msimamizi wa mirathi, mahakama inabandika tangazo kumngoja mwenye pingamizi. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kina wazee wanaokijua mpaka kwa mpaka, na kitinda mimba wa kiume anahesabiwa kubaki na nyumba ya wazazi. Dhuluma ipo, tena nyingi, lakini inapita humo humo: kwenye muhtasari wenye sahihi ya mtu ambaye hakuhudhuria, kwenye tangazo ambalo mjane hakulisoma, kwenye shangazi aliyenyamaza kikaoni kwa sababu naye ana shamba lake la kulinda. Mwandishi anayeyajua hayo ana sehemu kumi za moto bila kumtupa mtu nje usiku.

Vinasaba vilevile. Kwenye tamthilia mtu anachomoa unywele kwenye kitana, kesho anapewa bahasha. Nchini kwetu kipimo hicho kiko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kina sheria yake ya 2009, na ombi hupitia kwa watu kama wakili, ofisa ustawi wa jamii au mahakama. Hebu fikiria tukio la mume na mke wamekaa mbele ya ofisa ustawi, anawauliza kwa utaratibu kama wana hakika wanataka kujua, na mtoto yuko nje kwenye benchi anachezea zipu ya begi. Ni tamu kuliko bahasha, na ni ya kweli.

Miisho ya kwetu hukosewa pia kwa sababu ambazo hazimo kwenye hadithi: mwigizaji ametofautiana na wenye kazi akaondoka, basi anasemwa "amesafiri"; mkataba haukuongezwa, basi inakatika tu wiki moja na hakuna anayewaeleza watazamaji. Hilo la kukatika kimya ndilo ningependa tulilalamikie kwa sauti, kuliko hata mavazi na vipodozi tunavyovisema kila siku.

Wa kwetu wanaoaminika ni wale wenye hadithi iliyopimwa urefu. Siri ya Mtungi, iliyoanza 2012, iliwekwa Bagamoyo kwa mpiga picha Cheche, na matatizo yake yalimjia kutokana na maamuzi yake mwenyewe. Ukipata ya namna hiyo, ishike.

Ukichagua leo

Kabla ya kuanza yoyote, tafuta mambo matatu: imeshakwisha au inaendelea, ina sehemu ngapi huko ilikotoka, na je, imetokana na kitabu au historia. Dakika tano za intaneti zinatosha, na huhitaji kusoma mwisho wenyewe.

Kama sebule ina bibi na watoto na mnataka kitu cha pamoja, chukueni Mturuki wa historia aliyeingizwa Kiswahili. Kama uko peke yako, umetoka kazini umechoka na una wikiendi mbili, Mkorea wa sehemu 16, na ukifika ya 15 usishangae kasi ikilegea. Mwenye saluni au duka, ambaye wateja wanaingia na kutoka, anafaa Mhindi, kwa sharti la kuzima pale miaka inaporuka. Mwanafunzi aliye bwenini na flashi yake, msimu wa kwanza wa Prison Break unamtosha, wa pili kama amependa sana, basi.

Desemba ndiyo ngumu, ndugu wakiwa wamepanda kutoka Dar na Mwanza, nyumba imejaa na kila mmoja ana tamthilia yake aliyoiacha katikati. Hapo msianze kitu kirefu. Mkae na Mbongo mmoja, wa marudio hata kama mmeshamwona, muwaache wazee waseme mirathi imekosewa wapi. Na kama kuna kijana anayeandika mswada ndani ya nyumba hiyo, akae karibu na wazee, daftari mkononi.